Kaka ataka nimdanganye mama kuwa chanjo ya korona ni sindano ya sukari. Nimjibuje?

BintiLangoni
Asalam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, na mnaonijua mtaani tafadhali nyamazeni tu.

Niko Lamu, Langoni, naishi na mama. Ana miaka 67, ana presha na sukari. Sukari yake ni ya insulini. Hujidunga mwenyewe tumboni kila alfajiri akishaswali, kisha chupa anairudisha kwenye kikopo kinachokaa ndani ya mtungi, maana friji yetu na umeme wa hapa hawaelewani.

Mwezi wa nane mwaka huu wa 2021, jirani yetu wa nyuma alizidiwa usiku kwa korona. Kafyu ya korona ilikuwa bado ipo, wanawe wakahangaika kupata boti ya kumvusha Mokowe apelekwe Malindi. Hakurudi. Tangu siku hiyo mama akikohoa mara moja, mimi usingizi basi.

Mimi nimeshachanjwa dozi zote mbili, chanjo ya AstraZeneca, nikapata homa ya usiku mmoja ikaisha. Mama hataki kusikia. Nikianzisha habari hiyo ananigeuzia: mara samaki wameadimika, mara binti wa fulani ameposwa. Juzi nikamshikilia sawasawa. Akanitazama, akasema: "Punda ndio hushikwa wakadungwa wasiulizwe. Mimi ni punda?" Wasioijua Lamu, punda hapa wana hospitali yao ufukweni, kwa hivyo si maneno ya kubuni.

Sasa kaka yangu mkubwa, yuko Mombasa, kila jioni ni simu. Anataka nimwambie mama daktari amembadilishia sindano ya sukari, nimpeleke, adungwe, yaishe. "Atanuna wiki mbili, lakini atakuwa hai." Nikikataa ananiambia mama akipatwa na jambo dhambi ni zangu. Nimdanganye?

MwanaShela
Dada, kaka yako ana akili. Wazee tunawadanganya kila siku kwa faida yao. Mpeleke, utubu baadaye.

KahawaChungu
Utubu baadaye. Hiyo toba umeiwekea akiba benki gani?

MzeeWaBaraza
Mwacheni mama wa watu. Kitu kimetengenezwa ndani ya mwaka mmoja, leo mnataka kumdunga mtu mzima kwa hila. Ajali ni ajali, na siku ikifika imefika.

NesiWaVisiwani
BintiLangoni, mimi nachanja watu, kwa hivyo nikuambie mambo yanavyokwenda.

Kwanza hila yenyewe haiwezekani. Mwanamke anayejidunga insulini tumboni kila siku, kwa kisindano kifupi, chini ya ngozi, leo umwambie hii ya begani, inayoingia kwenye msuli, ni ya sukari? Atakucheka. Halafu sisi tunamwuliza jina, kitambulisho, namba ya simu, maradhi aliyonayo, kisha tunamwambia ni chanjo gani. Akishadungwa anakaa dakika 15 tumwangalie. Hapo kote utamziba masikio? Na nesi atakayekubali kunyamaza ili umfiche, huyo usimpelekee hata kuku.

Pili, ukweli wa kitabibu. Kwa umri wake na sukari, yeye hasa ndiye tunayemhofia, kwa sababu korona humzidi mtu mwenye sukari kwa urahisi. Akichanjwa anaweza bado kuipata, sitakudanganya, lakini kufika mahali pa kutafutiwa oksijeni kunapungua sana. Kuna chanjo za dozi mbili na ipo ya dozi moja, Johnson & Johnson. Yoyote atakayoikuta inamfaa.

Tatu, umemwambia mara ngapi achanjwe? Na umemwuliza mara ngapi kwa nini hataki, kisha ukanyamaza akajibu?

Mzee wa Baraza, shikamoo. Kweli ilitoka haraka, lakini elimu yake haikuanza 2020. Watafiti walikuwa wakivisoma virusi vya jamii ya korona tangu ule ugonjwa wa mapafu wa SARS wa 2003. Ukitaka tubishane, karibu, ila si kwenye uzi wa mama wa mtu.

MzeeWaBaraza
Marahaba. Bado sijakubali, lakini la kutomdanganya tuko pamoja.

MalindiKwetu
Mimi nijibu kwa yaliyonikuta, maana sisi tulifanya.

Baba yangu tulimwambia ni vitamini. Macho yake si mazuri, hasomi karatasi, tukaona imepita. Wiki zikaenda. Siku moja amekaa kibarazani na wenziwe, simu ikalia, akampa mjukuu amsomee. Mtoto wa darasa la nne, sauti kama muadhini: ndugu fulani, tarehe yako ya dozi ya pili ya chanjo ya korona imefika. Wazee wanne wamekaa hapo wakinywa kahawa.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alichofanya ni kuacha kupokea dawa mikononi mwetu. Matone yake ya macho anakwenda kununua mwenyewe, anashika ukuta njia nzima. Ukimpa chai anauliza, "Hii ni nini?" Chai! Anaona majani yanaelea, na bado anauliza. Dozi ya pili hakwenda, kwa hivyo hata hiyo faida tuliyoifanyia hila tukaipata nusu.

MwanaShela
Aisee. Hapo kwenye chai nimesikia baridi. Narudisha maneno yangu.

SafariYaMadina
Mama ana nia ya umra? Saudia imefungulia mahujaji wa umra kutoka nje tangu Agosti, lakini wanataka aliyechanjwa, na AstraZeneca imo kwenye wanazozikubali. Huenda hilo likamlainisha.

BintiLangoni
Nia anayo, ana kibubu chake miaka sita sasa. Lakini naona nikimwekea umra mbele nitakuwa namvuta kwa kamba nyingine.

KahawaChungu
Swali dogo. Huyo kaka wa Mombasa, mwenyewe ashachanjwa?

BintiLangoni
Subhanallah. Sijawahi kumwuliza.

BintiLangoni
Nimemwuliza kwa WhatsApp. Tiki za buluu tangu adhuhuri, sasa ni magharibi.

KahawaChungu
😂😂 Nimemaliza.

BintiLangoni
Ndugu zangu, nimerudi, na nimejifunza kitu kuhusu mama yangu.

Nilifuata neno la Nesi. Jana mama alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi, mimi nachambua mchele. Nikamwuliza, mama, chanjo huitaki kwa sababu gani? Nikanyamaza. Yeye akaendelea kukuna. Kifuu cha kwanza kikaisha, akachukua cha pili. Nikataka kuongeza neno, nikajiuma ulimi. Ndipo akasema, "Kwani nani amekwambia siitaki? Mimi nilikwenda."

Alikwenda mwezi wa nne, peke yake, aliposikia watu wa miaka 58 na zaidi waende. Alivaa buibui lake jipya. Akakaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi bila kula vizuri, na sindano ya sukari ameshajidunga. Saa saba wakaambiwa chanjo imekwisha. Akauliza arudi lini, kijana mmoja pale akamjibu, "Bibi, nenda ukapumzike, tuwaachie wanaofanya kazi." Watu wakacheka. Akarudi nyumbani mikono inatetemeka, akala tende, hakumwambia mtu. Miezi sita mimi namhubiria mtu aliyetangulia kwenda kabla yangu.

NesiWaVisiwani
Huyo kijana simjui wala sitamtetea. Mwambie mama naomba radhi kwa niaba ya kazi.

Na umweleze hivi, huenda likampunguzia uchungu: wakati ule dozi zilikuwa zinatukaukia nchi nzima. Nchi ilipokea milioni moja na ushee mwezi Machi, zilizotengenezwa India, kisha India ikazuia kutoa nje kwa sababu wao wenyewe walikuwa wanakufa. Sasa hivi zipo. Aje asubuhi, ale kwanza, ajidunge insulini yake kama kawaida. Abebe tende mfukoni vilevile. Kwa siku mbili za mwanzo baada ya chanjo apime sukari mara nyingi zaidi, homa ikija huipandisha. Asiruke insulini eti kwa sababu mkono unauma. Panado anaweza kumeza.

BintiLangoni
Nimemsomea yote. Kwenye radhi alinyamaza, akavuta mtandio. Amekubali kwa sharti moja: kaka aje, akae mbele yake kwenye foleni, adungwe kwanza, yeye akimtazama. Kafyu imeondolewa tangu tarehe 20, hana kisingizio. Nimempa mama simu amwambie mwenyewe.

MalindiKwetu
Hapo naomba utuletee habari, hata saa nane za usiku.

BintiLangoni
Habari ndio hii. Kaka alifika na basi la Mombasa, tukampokea gatini kutoka Mokowe, mkimya kama mtu aliyekuja mazishini. Hospitali jana. Alidungwa yeye kwanza, uso ameuelekeza ukutani. Mama zamu yake ilipofika alimwuliza nesi, "Hii ni ya nini?" Nesi akasema, "Ya korona, mama." Akasema, "Haya," akatoa mkono wa kushoto, maana wa kulia ni wa kukunia nazi.

Mama hana kitu, sukari nimempima mara nne leo, iko sawa. Kaka ana homa tangu jana usiku, amelala sebuleni anaugua kama mwanamke wa uchungu, na mama anampelekea uji wa ndimu.

KahawaChungu
Mwambieni ilikuwa sindano ya sukari.