Mumbai jioni: NCPA, klabu au sinema? Naomba ulinganisho

Mtokambali: Wakuu, nina safari ya Mumbai mwezi wa kumi, tiketi nishakata. Nina jioni mbili za kutoka. Naona machaguo matatu: ukumbi wa NCPA (kituo cha taifa cha sanaa za maonyesho), klabu za Lower Parel, au sinema ya Kihindi kwenye ukumbi wa zamani. Ipi inalipa?

Tangawizi: Unafikia mtaa gani? Uko na nani? Tarehe ngapi? Mji ule ni mrefu kutoka kaskazini kwenda kusini. Andheri, kaskazini, hadi Nariman Point kusini iliko NCPA, kwa taksi jioni unaweza kumaliza saa mbili nzima barabarani.

BintiMvita: Tarehe ni muhimu kweli. 2 Oktoba ni siku ya Gandhi, pombe haiuzwi popote. Na Maharashtra, jimbo la Mumbai, bia na mvinyo ni miaka 21, pombe kali 25. Beba pasipoti yenyewe, picha ya kwenye simu mabaunsa wengine hawaitaki.

Mzee_Forodhani: Klabu ziko kila nchi. Nenda NCPA. Tata Theatre pale ndani ilijengwa ili muziki wa asili wa Kihindi usikike bila kutegemea spika. Ukitaka tamthilia, ukumbi wa Prithvi mtaa wa Juhu, upo tangu 1978, watu kama 200 tu. Viti havina namba, kwa hiyo foleni ianze nusu saa kabla. Mlango ukishafungwa, tiketi yako haikusaidii. Tazama lugha ya onyesho kabla ya kulipa, mengi ni ya Kihindi.

Dogo_K: Mzee naye na tamthilia zake 😂 Lower Parel, kwenye eneo la klabu na migahawa la Kamala Mills, ndiko kwenye watu. Klabu hufunga saa saba na nusu usiku, basi ingia saa nne. Wanaume peke yao bila mwanamke mara nyingi hurudishwa au hutozwa zaidi. Uliza kama ada ya mlangoni inakatwa kwenye bili ya vinywaji. Viatu vya kufunika, si sandozi.

Mtokambali: Tuko watatu: mimi, mama anayekuja kuonana na daktari, na mdogo wangu wa kike, miaka 16. Tunafikia Andheri. Kati ya tarehe 8 na 20.

Tangawizi: Ungeanza na hilo! Klabu imekufa, 16 haingii. Hata filamu yenye alama ya A (ya watu wazima tu) hawamruhusu, awe na mzazi asiwe naye. Nenda sinema ya Gaiety-Galaxy pale Bandra: tiketi za bei nafuu, watu wanapiga miluzi shujaa akitokea. Wimbo wa taifa hupigwa kabla ya filamu, msimame. Chakula cha nje kinazuiwa. Maandishi ya tafsiri usiyategemee.

Mzee_Forodhani: Watu wa Unguja hatuhitaji tafsiri.

Dogo_K: Hata akimlaza mama mapema, yeye anaweza kutoka. Achukue bajaji hadi Colaba, kusini mwa mji.

BintiMvita: Bajaji haifiki Colaba. Zinaishia Bandra na Sion, kusini ya hapo ni taksi nyeusi na njano, na udai mita.

Dogo_K: Nchi iliyotuletea bajaji inazikataza?

BintiMvita: Ndiyo, na dereva atakushusha hapohapo.

Kobe_Posta: Kwa anayefikiria kutoka peke yake, huu mtego unajulikana. Mwanamke anakuandikia kwenye programu ya uchumba, mazungumzo siku moja tu, kisha yeye ndiye anachagua baa. Mnakaa, anaagiza haraka: kinywaji cha rangi, shisha, sahani mbili. Menyu huoni, au unaletewa isiyo na bei. Baada ya muda anapigiwa simu ya dharura, anaondoka. Bili inakuja maelfu ya rupia, wanaume wawili wanasimama karibu na meza. Baa na mwanamke wanagawana. Kinga ni moja: mahali uchague wewe, na menyu yenye bei uione kabla ya glasi ya kwanza. Wakikuzingira piga 112. Na ile tozo ya huduma ya asilimia 10 hata kwenye mgahawa wa kawaida si lazima. Mwongozo wa serikali wa 2022 umekataza kuiweka kwenye bili moja kwa moja. Waambie waiondoe.

BintiMvita: Turudi kwa mama. Mwezi wa kumi huwa kuna Navratri, sikukuu ya Wahindu, usiku tisa wa ngoma ya garba, ila tarehe huhama kila mwaka, tazama kalenda. Vipaza sauti kisheria huzimwa saa nne usiku, isipokuwa siku chache zinazoongezwa hadi saa sita. Ukifika saa tatu umekula hasara. Pasi ununue kwenye tovuti ya waandaaji. Wa barabarani huuza bandia.

Tangawizi: Borivali ndiko kwenye garba kubwa, kaskazini ya Andheri, treni moja. Lakini saa kumi na mbili jioni treni za kwenda kaskazini hazipandiki. Mama na binti behewa la wanawake, wewe la kawaida, na mkubaliane kituo cha kushuka.

Mtokambali: Mama anataka Haji Ali pia, lile kaburi la walii lililo baharini.

Mzee_Forodhani: Tazama jedwali la maji kwanza. Bamvua likijaa njia inafunikwa, mnakwama. Alhamisi na Ijumaa msongamano. Wanawake wanaruhusiwa hadi ndani tangu 2016. Kisha mtaa wa Mohammed Ali Road, mkale vitamu: malpua na firni.

Dogo_K: Malpua mwezi usio Ramadhani? Vibanda vingi havipo.

Mzee_Forodhani: Maduka yapo mwaka mzima, acha ubishi.

Kobe_Posta: Mama anatembea umbali gani bila kupumzika? Ile njia ya Haji Ali ni kama nusu kilomita, kivuli hamna.