Tupeane uzoefu: ulijiandaaje na marathoni ya kwanza huku kazi na familia vikikudai?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za muda huu.

Nimejiandikisha marathoni kamili, kilomita 42.195, ya kwanza maishani mwangu. Nusu marathoni nimeshamaliza na miguu haikunisumbua. Hofu yangu ni muda. Nimeajiriwa, naingia asubuhi natoka jioni, nina watoto wawili wadogo, na mwenzangu naye ameajiriwa vilevile. Ratiba ninazokutana nazo zinataka wiki 16 hadi 20, siku nne au tano kwa wiki, na kila mwisho wa wiki mbio ndefu zinazopanda mpaka kilomita 30 au 32. Kwa kasi yangu ya dakika 7 kwa kilomita, hizo 30 ni saa tatu na nusu barabarani. Weka kujiandaa, weka kuoga, weka kujinyoosha kidogo kitandani, Jumamosi imeisha. Na Jumamosi ndiyo siku pekee tunayokaa wote wanne.

Najua kuna watakaosema "amka saa kumi alfajiri". Kuamka naamka. Ninachotaka kujua ni yale mengine: nani anabaki na watoto, usingizi unafidiwa saa ngapi, kazini ulisema au ulinyamaza, kitu gani ulikiacha na kitu gani ulikataa katakata kukiacha. Wa kasi na wanaofika wa mwisho wote karibuni. Mimi shida yangu ni kumaliza kabla hawajafungua barabara.

Mhasibu, mama wa watoto watatu

Hongera kwa kujiandikisha, hiyo tu ni hatua.

Sisi tulianza na kalenda ya ukutani. Kabla sijalipa ada, nilikaa mezani na mume wangu tukaandika kila kitu cha miezi mitano iliyokuwa mbele: kufunga hesabu za mwaka kazini kwangu, mitihani ya mkubwa wetu, safari za kikazi za mume wangu. Wiki za kufunga hesabu tukaziandikia kilomita chache kabisa tangu siku ile. Kila ratiba nzuri ina wiki za kushuka, unapanda wiki mbili au tatu halafu unapunguza ili mwili upumue. Kwenye karatasi mara nyingi inakaa wiki ya nne. Mimi niliiweka pale kazi inaponibana, na mwili haukulalamika kwamba leo ni ya tatu, kesho ni ya tano.

Halafu makubaliano. Jumamosi alfajiri yeye yuko na watoto. Jumapili mchana anatoka, na mimi siulizi anakwenda wapi wala anarudi saa ngapi. Hilo la pili ndilo lililobeba mpango mzima, kwa sababu lililipwa kila wiki, hata zile wiki ambazo mapaja yalikuwa yanawaka moto na mdogo alikuwa analia tangu asubuhi. Ukianza kukopa muda wa mwenzako bila kurudisha, ikifika wiki ya kumi hata raba mlangoni zinaleta ugomvi.

Aliniambia neno moja nikalishika: saa tatu ambazo sipo hazimsumbui, kinachomchosha ni mimi kuwepo na nisiwe na msaada kwa mtu. Kwa hiyo nilipanga kurudi kwangu kama nilivyopanga kuondoka. Chupa ya maji na chakula viko tayari mezani tangu usiku, nakula ndani ya nusu saa, naoga, nashika watoto. Mdogo akilala mchana, nalala naye. Jioni hakuna anayejua kama nilikimbia.

Nilipokuwa naona haiwezekani, nilimfikiria Edna Kiplagat. Mama, askari polisi, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na tena 2013, kisha akaenda kushinda Boston 2017 akiwa na miaka 37. Sisemi sisi ni yeye. Nasema ulezi na kilomita vimeshakaa kwenye nyumba moja.

Muuguzi wa zamu za usiku

Ratiba karibu zote zimeandikwa kwa mtu anayelala usiku na kupumzika Jumapili. Mimi Jumapili sina. Nikaacha kabisa majina ya siku, nikahesabu kwa zamu: za mchana, za usiku, mapumziko. Siku inayofuata zamu ya mwisho ya usiku ni ya kulala tu, hata hali ya hewa iwe nzuri vipi. Siku ya pili yake ndiyo ya mbio ndefu. Katikati naweka mbio mbili fupi za mdogo mdogo, ile kasi ambayo ukiwa na mwenzako mnapiga stori bila kuhema. Mara tatu kwa kila mzunguko wa zamu, na nilimaliza.

Mwili unajijenga ukiwa umepumzika. Ukilala kwa saa nne tu halafu ukaenda kukimbia kilomita 25, umejibomoa, na kesho yake uko kazini unapima dozi ya mgonjwa kwa macho mazito. Mimi hapo sijadiliani, nageukia kitanda.

Kwa kuwa niko wodini niongeze haya, maana watu wenye majukumu wana tabia ya kuficha maumivu ili wasipoteze wiki. Uchovu wa misuli husambaa, na ukianza kutembea unalegea. Maumivu ya kuogopa ni yale unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole juu ya mfupa, mara nyingi kwenye ugoko au unyayo, yanayozidi ukirukaruka kwa mguu mmoja, na baadaye yanakuja hata usiku umelala. Huo unaweza kuwa mfupa unaoanza kupata ufa. Simama, muone daktari, usisubiri Jumatatu ijayo.

Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen msimeze ili mkakimbie. Ukiwa umepungukiwa na maji zinaweza kuumiza figo, na tumbo linaweza kukugeuka. Na maji yenyewe: kunywa kwa kiu. Wapo wanaokunywa kila kituo kwa hofu, chumvi ya damu inashuka, wanaanza kuchanganyikiwa na kutapika, na hiyo inaua. Wanaokaa barabarani saa tano au sita ndio walio hatarini zaidi, maana wana muda mrefu wa kunywa.

Baba wa mapacha

Mimi nilichukua muda ambao foleni ilikuwa inaula bure.

Kutoka kazini hadi nyumbani ni kilomita 9. Kwa gari jioni ni saa nzima, siku mbaya inazidi. Kwa miguu, kwa dakika 7, ni saa moja na dakika tatu. Jumatatu nilikuwa napeleka begi lenye nguo za wiki nzima, taulo dogo na sabuni, nalifungia kwenye kabati la ofisi. Jumanne na Alhamisi natoka na raba, funguo, simu, na kitambulisho ndani ya mkoba wa kiunoni, basi. Nguo za kazi zinabaki hapo. Nyumbani nafika saa ileile niliyokuwa nafika zamani, mke wangu hajapoteza dakika, na kilomita 18 za wiki zimeshaingia.

Shati likunje kwa kuviringisha, halijikunji sana. Soksi weka pea moja ya ziada kwenye droo. Na paka mafuta mazito ya mgando mapajani na chini ya kwapa kabla ya kutoka, usisubiri mchubuko uanze.

Kazini nilimwambia msimamizi wangu mapema, kwa sababu sikutaka kikao cha saa kumi na moja kinikute nimevaa kaptula. Alikubali vizuri. Kuna wanaopenda kunyamaza, ila kwangu kusema kulisaidia.

Mwalimu wa sekondari

Suala la kilomita 30 nataka tulijadili, maana mwanzisha mada ameligusa na watu wamelipita.

Hiyo 30 hadi 32 ina sababu. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini unaanza kuisha karibu na hapo kwa walio wengi, ndiyo "ukuta" unaozungumzwa. Lakini mtu wa dakika 5 kwa kilomita anamaliza 32 kwa saa mbili na dakika 40. Wewe wa dakika 7 utakaa saa tatu na dakika 44. Namba ya kilomita ni moja, mzigo si mmoja. Mbio zangu ndefu kuliko zote ziliishia saa tatu, sikujali zimefika kilomita ngapi, na siku inayofuata nilikuwa nakimbia dakika 50 taratibu juu ya miguu iliyochoka. Siku ya tukio nilimaliza nikiwa nakimbia. Kwa mwenye familia, nafuu ya ule muda ni kubwa.

Mhasibu, mama wa watoto watatu

Mwalimu, hapo tutatofautiana kidogo. Mimi nilifika 31 mara moja tu na kichwa changu kiliihitaji. Kilomita za mwisho ulikuwa ni uoga zaidi kuliko miguu, na nilikuwa nimeshaupitia uoga huo. Moja inatosha, nakubali. Tena siku hiyo ndiyo ya kufanyia majaribio kila kitu: nguo utakazovaa, jeli (zile za sukari za wakimbiaji) au ndizi utakazokula, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, tumbo lizoee. Siku ya tukio kusiwe na kitu kipya mwilini.

Mama anayelea peke yake

Nasoma "mume anabaki na watoto" nikasema niandike na mimi.

Sina wa kubaki naye. Mwanangu ana miaka minane. Jumamosi ana mazoezi ya mpira yanayochukua saa moja na nusu, na kuzunguka uwanja ule kwa nje ni kama mita 600. Wazazi wengine wamekaa kwenye viti, mimi nazunguka. Kwenye simenti ya jukwaa aliniwekea vijiwe, kila nikipita wakati wa mapumziko yake anasogeza kimoja, na mazoezi yakiisha ananihesabia mbele ya wenzake. Zilizobaki tunamalizia njiani, yeye kwenye baiskeli yake, mimi pembeni. Akichoka tunatembea. Kutembea si dhambi. Nilijiandaa hivyo tangu mwanzo, dakika nne nakimbia, moja natembea, na ndivyo nilivyokimbia marathoni yenyewe mpaka mstari wa mwisho.

Asubuhi za katikati ya wiki nilikuwa napanda na kushuka ngazi za jengo letu kabla hajaamka, mlango nausikia. Nguvu za mapaja zilitoka pale.

Fundi umeme

Mimi naleta uzoefu wa kutokukimbia.

Katikati ya maandalizi mama yangu alilazwa. Niliendelea kwa wiki chache, nakimbia saa tisa usiku, naenda kazini, naenda hospitali. Kisha nikajitoa. Kuna watu waliniletea habari za John Stephen Akhwari, yule Mtanzania aliyeumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City 1968 na bado akamaliza wa mwisho. Namheshimu mno. Lakini yeye alikuwa ameshaingia barabarani na alikuwa amevaa jezi ya nchi. Mimi mama yangu alihitaji mtu wa kumgeuza kitandani, na mtu huyo ni mimi.

Nilisoma masharti, nikakuta kuna kuahirisha hadi mwaka unaofuata ukitoa taarifa kabla ya tarehe fulani. Si mbio zote zina kitu hicho, kwa hiyo kiangalie kabla ya kulipa. Mwaka uliofuata nilianza upya kutoka kilomita 5, na nilimaliza. Mama aliona medali.

Mwanzisha mada

Asanteni sana, nimesoma kila mchango pamoja na mwenzangu jana usiku. Kalenda tumeshaining'iniza. Mbio ndefu tumezihamishia Ijumaa alfajiri, maana siku hiyo naingia kazini mchana, na Jumamosi inabaki ya watoto. Mwisho nitaweka saa tatu kama Mwalimu, na mara moja tu nitajaribu 30 kama Mhasibu.

Wiki tatu za mwisho mlizifanyaje? Na familia ikae wapi siku hiyo?

Baba wa mapacha

Kilomita zinapungua, muda unarudi, na hapo kila deni la nyumbani linakuja: kupaka rangi ukuta, kuhamisha kabati, kuwapeleka watoto kila walikoahidiwa. Waambie mapema kwamba muda ule ni wa kulala. Mapacha wangu walileta mafua kutoka shule siku chache kabla, tukawa tunanawa mikono kama wapasuaji.

Mhasibu, mama wa watoto watatu

Wasikae mstari wa mwisho, pale pana umati hamtaonana. Wakae kilomita ya 32 au 33, na mkubaliane ni upande gani wa barabara. Wavae rangi moja inayoonekana mbali. Kwa dakika zako 7 utafika hapo baada ya saa tatu na dakika 44 hivi, ukianza taratibu kama inavyotakiwa ongeza dakika kumi, ili wasianze kuingiwa na hofu. Gusa mikono yao upite, ukisimama miguu inakakamaa.

Muuguzi wa zamu za usiku

Na ruhusa ya siku inayofuata iombe leo. Ngazi za ofisini kwako utazishuka kinyumenyume.