Eti "hatujauza, tumepangisha tu": eneo la wazi la mtaa wetu limezungushiwa mabati

Wakuu salaam. Leo sina utani, mtanivumilia.

Eneo la wazi la mtaani kwetu, hapa hapa Dar, limezungushiwa mabati ya bluu kona hadi kona. Ndani mafundi wanapandisha fremu za maduka pande tatu, katikati inakuja gadeni ya vinywaji na nyama choma, upande wa barabarani maegesho. Nilipokwenda kuuliza ofisini, nikajibiwa kwa upole kabisa: "Mzee wangu, msiwe na wasiwasi, eneo halijauzwa. Bado ni mali ya umma. Halmashauri imepangisha tu ili kuongeza mapato ya ndani."

Mali ya umma ambayo umma utaingia kwa kununua bia! Na wale watoto wanaocheza chandimu pale kila jioni nao wakanunue nini?

Hilo neno "tumepangisha" ndilo linanichefua kuliko yote. Angesema ameuza, tungejua tumedhulumiwa na tungejua pa kuanzia. Kupangisha kunawapa mlango wa kutokea: hati haijahamishwa, ramani haijabadilika, kila kitu kwenye karatasi kiko vilevile. Lakini mtu akishamwaga zege na kupangisha fremu kwa watu wengine ishirini waliolipa kodi ya mwaka mzima mbele, nani atakuja kuzivunja mkataba ukiisha? Mkataba utaongezwa, kisha utaongezwa tena, na wajukuu zetu wataambiwa hapo pamekuwa pa biashara tangu zamani.

Ninyi mnaokaa kwenye nyumba zenye ua mpana huenda mnaona napiga kelele kwa ajili ya uwanja wa vumbi. Nyumba za kwetu zimebanana. Mtu akifariki, turubai linafungwa pale kwenye eneo la wazi, akina mama wanapika pale, wanaume wanalala pale kwenye majamvi mpaka siku ya mazishi. Juzi jirani yetu mmoja kafiwa na mama yake. Turubai limefungwa barabarani, nusu ya viti vya plastiki viko kwenye mtaro, na bodaboda zinapita katikati ya waombolezaji zikipiga honi. Shehe anasoma dua, nyuma yake mtu na abiria wake anaomba njia. Hatua chache kutoka hapo mabati yanang'aa, na mlinzi kakaa getini na rungu lake.

Halafu kuna maji. Udongo wa pale ulikuwa unakunywa mvua. Sasa kumeshindiliwa kifusi, usawa umepanda kuliko nyumba za jirani, na mvua ya kwanza tu maji yamechagua njia mpya kupitia kwenye vyumba vya watu. Jiji hili linajua mafuriko ni nini, Jangwani hatuhitaji kuhadithiwa. Ila sehemu pekee ya mtaa iliyokuwa inapokea maji ndiyo tunayoipiga zege.

Najua hoja yao, maana tumeambiwa mara nyingi: pale palikuwa jalala, palikuwa na vibaka, vijana wanavuta bangi. Kweli, kona moja ilikuwa na taka. Nani alikuwa na kazi ya kuzizoa? Ni halmashauri hiyohiyo, na ada ya taka tunatoa. Mnaacha mahali pachafuke miaka na miaka, taa haiwekwi hata moja, kisha uchafu wenyewe unakuwa sababu ya kumkabidhi mwekezaji. Huo ni mpango, wala msiseme ni bahati mbaya.

Na si mtaani kwetu tu. Waulizeni wakazi wa zamani wa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, maeneo yaliyopimwa miaka ya 1970 katika ule mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Michoro ilikuwa na maeneo ya wazi ya kutosha. Mengi leo ukiyafuata utakuta baa, gereji au nyumba ya mtu. Jiji lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, mtoto anatafuta pa kupigia danadana hapaoni.

Hata Mnazi Mmoja, mnajua ilibakije wazi? Mkoloni aliligawa jiji: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika Kariakoo na kuendelea, na katikati akaacha ukanda usiojengwa ili watu wasichangamane. Nia ilikuwa chafu, lakini leo tunapata pa kupumulia. Mkoloni aliacha wazi kwa ubaguzi wake, na sisi tuliojitawala tunaziba kwa kodi ya fremu. Inauma sana.

Wapo watakaosema napinga biashara. Sipingi. Nendeni Forodhani, Unguja, jioni. Bustani ilikarabatiwa ikakamilika 2009, na wauzaji wapo: urojo, mishikaki, juisi ya miwa. Mwenye hela anakula, asiye na hela anakaa ukutani anaangalia bahari na watoto wanarukia majini. Mama muuza chipsi pembeni ya kiwanja sijawahi kuwa na ugomvi naye, maana yeye ndiye anakuja kwetu. Huyu wa mabati anatutoa sisi.

Wenzetu Nairobi walipita huku. Mwaka 1989 serikali ya Moi ilitaka kusimamisha ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park kwa ajili ya chama tawala, KANU, na gazeti lake la Kenya Times. Marehemu Wangari Maathai, yule mwanaharakati wa mazingira, akaandika barua kila ofisi, akadhihakiwa bungeni, mahakama ikatupa kesi yake, shirika lake likafukuzwa kwenye jengo la serikali. Mwishowe wenye fedha wakajitoa na mradi ukafa. Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani iliyotolewa kwa watu wa mji tangu 1906, ikapangiwa maegesho ya ghorofa. Nayo ikapingwa, ipo mpaka leo. Sisi hapa tunamalizwa na fremu za maduka, si ghorofa 60, na kimya kimetawala.

Sasa turudi kwa wakubwa wetu. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 haikutungwa kwa mapambo. Mchoro wa mipango miji una utaratibu wa kuurekebisha, na wananchi wanatakiwa kusikilizwa. Sisi hatukuitwa mkutanoni, hatukuona tangazo. Kibao cha mradi hakuna, jina la mkandarasi hakuna. Mwenyekiti wa mtaa anasema na yeye aliona mabati kama sisi. Diwani simu haipokei, ila kampeni zikianza atatukuta hapa. Na Katiba, ibara ya 27, inatupa wajibu kila mmoja wetu kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Tukiilinda tunaitwa wachochezi wanaopinga maendeleo.

Tumeshaandika barua kuomba nakala ya mkataba kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inawapa siku 30 za kujibu. Tunataka tuone mambo ya kawaida tu: kapewa miaka mingapi, analipa kiasi gani kwa mwaka, zabuni ilitangazwa wapi, na nani kasaini. Kama kodi ni nzuri kama wanavyotuimbia, wataonaje aibu kuitaja?

Humu kuna wanasheria na maafisa mipango miji, nawajua kwa michango yenu. Naomba mtujibu: zuio la mahakama tunaliomba kwa jina la nani, la mtaa au la mkazi mmoja mmoja? Na mchoro wa awali wenye muhuri tunaupata ofisi gani bila kuzungushwa? Kuta za fremu zimeshafika kwenye linta, na Jumamosi wanaleta mabati ya kuezeka. Wale wa "fuata maendeleo" msipoteze bando lenu kunijibu.