Mteja hanilipi na paswodi ya seva ninayo, nizime sistemu?

mtoto_wa_kibokoni:
Asalaam aleikum jamani, naomba ushauri kabla sijafanya ujinga. Nimemtengezea mwenye duka la jumla huku Kongowea sistemu ya stoku na madeni, tukapatana laki na nusu, akanitumia sitini elfu kwa M-Pesa na tangu hapo ni njoo kesho, mara mzigo umekwama bandarini mara mhasibu kasafiri, sasa hata simu hashiki. Na sistemu yatumika wallahi, jana nimepita vijana wake watoa risiti raha mustarehe. Paswodi ya admini hajabadilisha. Nikiingia usiku nikaizima mpaka alipe kuna ubaya? Si kazi ya mikono yangu? Mkataba hatukuandika, ni meseji za WhatsApp tu.

fundi_seva:
Yakhe tulia, usiguse kitu. Fundi aliyekutilia kitasa akibaki na ufunguo mmoja kisha akaingia kwako usiku, utamwitaje? Ile sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018, kuingia bila ruhusa ni faini mpaka milioni 5 au miaka 3 ndani au vyote viwili, na ukiivuruga sistemu yenyewe yafika milioni 10 au miaka 5. Wewe wadai tisini elfu!

bi_mkubwa_nyali:
Na hapo kwa "kazi ya mikono yangu" mwanangu umeteleza. Sheria yetu ya hakimiliki yasema kazi ya kuagizwa ni ya aliyeagiza, isipokuwa mlipatana vingine. Wengi hawajui hili, wadhani kodi, yaani ile programu waliyoandika, ni yao mpaka walipwe, ndio maana mie siandiki hata mstari kabla ya kuweka kipengele cha hayo mapatano.
Nenda mahakama ya madai madogo, hapa Mombasa ipo, yachukua madai mpaka milioni 1, wakili si lazima, na sheria yataka kesi iishe ndani ya siku 60. Chapisha hizo meseji na ile ya M-Pesa, lakini kwanza mpe barua ya kudai.

pwani_dev:
Mie naona mwamtisha bure. Hostingi, yaani ile seva ya kukodi sistemu inapokaa, nani alipa?

mtoto_wa_kibokoni:
Mimi, kwa kadi yangu. Yaisha mwezi ujao.

pwani_dev:
Basi si lazima uendelee kumlipia, hiyo si kuvunja mlango. Lakini mwandikie mapema, taja tarehe, umkabidhi bakapu yote, yaani kopi ya data yake.

fundi_seva:
Hapo nakubali, ila kopi usibaki nayo. Lile daftari la madeni lina majina na namba za watu, na hao wateja wake hawakukosei kitu, kuna sheria ya kulinda data ya 2019.

mtoto_wa_kibokoni:
Nimewasikia. Barua nshamtumia, na nimemwambia abadilishe paswodi leo leo. Tiki mbili za buluu, hajajibu. Jumatatu n'taenda kuulizia fomu kortini.