Makala ya redio imekuwa insha, video mdomo na sauti havikutani, nisaidieni kabla ya Ijumaa ijayo

BintiMakorora

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, diploma ya uandishi wa habari na utangazaji, nipo hapa hapa Tanga mjini. Tumepewa kazi mbili kwa mpigo, video ya dakika tatu na makala ya redio ya dakika saba, mada unachagua mwenyewe. Wenzangu wengi wamekimbilia Mapango ya Amboni, wengine Tongoni kwenye magofu, mi nikasema hapana, nikaenda kwa mzee mmoja fundi baiskeli kule Ngamiani, maana mji huu ukiutoa baiskeli unabaki na nini, na yule mzee ndo ananizibia pancha tangu nipo darasa la tatu.

Nimerekodi siku mbili kwa simu kwasababu kamera ya chuo ni moja na foleni yake usiulize. Picha nikachukua kwa simu yangu, sauti kwa simu ya dada nimeiweka juu ya boksi la spana karibu na mzee. Sasa nimekaa kuedit ndo nimeona balaa. Mahojiano yanaanza vizuri kabisa, ila ukifika kama dakika ya nne mzee anafunga mdomo ndo neno linatoka, yani kama zile muvi zilizoingizwa sauti. Siku ya pili nilienda jioni akawasha taa ya tyubu ndani ya kibanda, picha yote ina michirizi inapanda juu inashuka, sijui ni simu au ni nini. Alafu mzee ana redio yake pembeni haizimwi kuanzia asubuhi, ilikuwa inapiga taarabu, nikaona inanogesha, kumbe kila nikikata sentensi na wimbo unaruka.

Na hiyo makala ya redio ndo kabisaa. Nimeandika skripti mwalimu kaisoma kaniambia "hii insha, kasomee darasani". Inaanza hivi: "Makala haya yanalenga kuangazia mchango wa mafundi baiskeli katika kukuza uchumi wa wananchi wa Jiji la Tanga, ambapo baiskeli imekuwa ni chombo muhimu cha usafiri kwa wakazi walio wengi." Mi naona mbona ni Kiswahili fasaha tu jamani??

Nina saa mbili na dakika arobaini nilizorekodi na sijui nianzie wapi.

Fundi_Sauti

Pole dada, yote hayo tumepitia, usilie.

Hilo la mdomo kupishana, simu yako haipigi picha kwa mwendo mmoja. Ukiona imeandikwa fremu 30 kwa sekunde, yani picha 30, usiamini sana, mwanga ukipungua au simu ikipata joto yenyewe inapunguza, mara 30 mara 27, wakati simu ya dada inarekodi sauti kwa mwendo ule ule tangu mwanzo. Programu ya kuedit inachanganyikiwa, ndo maana mwanzo viko sawa alafu vinaachana polepole. Dawa, chukua video zako zipitishe kwenye HandBrake, ni programu ya bure ya kubadilisha video, nenda kompyuta ya chuo, kwenye sehemu ya video chagua fremu zisizobadilika, ndo uziingize kwenye kuedit. Siku nyingine simu zote mbili zikishaanza kurekodi piga kofi moja mbele ya kamera, na kabla hujazima piga jingine. Ukiedit unatafuta ule mchomo wa kofi kwenye mchoro wa sauti unaulinganisha na viganja vinapokutana, mwanzo na mwisho, ukiona kofi la mwisho halikutani unajua umeachwa kwa kiasi gani.

Ila hata usipofanya hivo, video ni dakika tatu, uso wa mzee anaongea utauonyesha sekunde ngapi? Ishirini? Kata vipande vidogo vidogo kila kimoja ukipange na mdomo wake, kwingine funika na picha za mikono.

Michirizi ni umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, yani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo ile taa inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Simu nyingi zinapiga fremu 30, mwendo unaoendana na umeme wa 60 kama wa Marekani. Pakua programu ya kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe, weka fremu 25, shata (muda kamera inaoingiza mwanga kwa kila picha) 1/50 au 1/100 ya sekunde, michirizi inatulia. Kwa ulizopiga tayari sikudanganyi, hazirudi. Rudi ukapige upya nje asubuhi, kuanzia saa moja mpaka saa tatu hivi, baada ya hapo jua la Tanga unalijua, nusu ya uso inakuwa nyeupe nusu nyeusi.

Redio ya mzee, hapo ndo kosa la kila mtu. Muziki nyuma ya mtu anayeongea haukatiki, na adhana vilevile, ukikata neno moja adhana inakatika katikati na hiyo haipendezi hata kidogo. Mwambie kwa adabu "mzee naomba tuizime kidogo nikimaliza nakuwashia mwenyewe". Kisha akimaliza kuongea kaeni kimya dakika nzima urekodi sauti ya mahali penyewe, bila mtu kusema kitu. Utaona haina maana siku ile, ukija kuedit ndo utaishukuru, ndo unazibia mapengo nayo. Na ule wimbo una mwenyewe, ukisikika sana kwenye kazi itakayorushwa hewani unaingia mambo ya hakimiliki.

Mahojiano yenyewe utayaokoa kiasi tu. Tafuta sehemu ambazo wimbo umeisha au mtangazaji wa redio ndo anaongea kwa mbali, kata hapo.

kipepeo_mgandini

Samahani natoka nje ya mada, huyo fundi yupo barabara ya ngapi? Nina rimu imepinda tangu mwezi wa Ramadhani.

MzeeWaMkanda

Marahaba binti yangu. Mie nimestaafu utangazaji miaka mingi, macho yamechoka, nikikosea kuandika mnisamehe.

Sisi tulikuwa twakata mkanda kwa wembe. Mkanda wa robo inchi, unapita sentimita 19 kwa sekunde moja, kwa hiyo pumzi ya mtu waipima kwa shibiri. Wazungusha gurudumu kwa mkono, wasikia neno linapoanza, watia alama kwa kalamu ya nta, wakata kwa mshazari kwenye kile kibao cha chuma, wabandika. Vipande unavyotaka kuvitumia waning'iniza shingoni kama mwenye duka la kanga. Kimoja kikianguka, upo sakafuni umepiga magoti ukitafuta. Nakueleza haya kwa sababu kwa kazi hiyo hakuna mtu aliyegusa wembe kabla hajasikiliza mkanda wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na karatasi mkononi. Wewe umeanza kukata hujasikiliza. Saa mbili na dakika arobaini si nyingi. Kaa barazani, vaa hedfoni, sikiliza zote, hata zile za kabla ya swali la kwanza na baada ya la mwisho, hasa hizo. Andika dakika na neno. Usiandike kila kitu, andika kile kilichokufanya ucheke au ukae kimya.

Sasa insha yako. Kiswahili chake kizuri, hakina kosa, ila hakuna mtu anayeongea hivyo na mwenzie barazani. Msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena. Anakaanga samaki, anapakia abiria, mtoto analia. Ukimwambia "yanalenga kuangazia mchango" ameshakwenda zake. Sentensi moja, jambo moja. Na kile ambacho sauti inakisema wewe usikiseme.

Jaribu hivi. Anza na pampu, ile fyu fyu fyu, sekunde tano, hujasema kitu. Kisha chuma kinaanguka kwenye sakafu. Kisha wewe: "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ngamiani. Baiskeli tisa zimelala ubavu, na mzee hajanywa chai." Kisha mzee mwenyewe aingie, kabla watu hawajachoka na wewe. Hiyo tisa nimeibuni mie, wewe weka idadi uliyoiona kwa macho, na kama chai alishakunywa useme alishakunywa.

Halafu soma kwa sauti, umesimama, mbele ya mtu ambaye hasomi chuoni kwenu. Pale atakapokuuliza "enh?" ndipo pa kuandika upya.

Jambo la mwisho, sikia sauti yako kwenye mahojiano. Naweka dau kila mzee anaposema neno zuri na wewe upo "mmh, eeh, sawa sawa, kweli kabisa". Itikia kwa kichwa binti, kichwa hakirekodiwi.

Mie ningekuwa wewe ningetengeneza redio kwanza, ikikamilika ndiyo nitafute picha za kuitilia.

PichaNaMwendo

Shikamoo mzee wetu, yote nakubali ila hilo la mwisho hapana kwa kweli. Ukichukua makala ya redio ukaibandika picha unapata redio yenye picha, mtu anaongea dakika tatu juu ya baiskeli zinazopita, walimu wamezichoka hizo. Video inatakiwa ukizima sauti bado ueleweke. Dada jiulize kitu kimoja, mzee anafanya nini kuanzia mwanzo mpaka mwisho ambacho nikikiona nataka kujua kitaishaje? Pancha! Baiskeli inakuja tairi limelala, anatoa tyubu, anaichovya kwenye beseni, anazungusha anazungusha, mapovu yanatoka, anaweka kidole, anakwangua, anapaka solusheni, anapuliza, anabandika, anajaza, mtu anapanda anaondoka. Hiyo ndo stori yako na haihitaji hata msimulizi. Mengine anayosema kuhusu maisha yake yanakaa juu ya hiyo.

Kwa hiyo ukirudi piga kila hatua mara mbili, mara moja kwa mbali tuone mwili mzima na mahali, mara moja karibu kabisa, mapovu yajae fremu nzima. Usimzunguke, kaa upande mmoja wa baiskeli, ukivuka upande wa pili alokuwa anaangalia kushoto anaonekana anaangalia kulia na mtazamaji anapotea. Kila shoti hesabu mpaka kumi kimoyomoyo ndo ukate, mi nilikuwa nakata haraka nikadhani nimepata kumbe nina sekunde mbili mbili. Na simu ilaze!! isimamishe tu kama mwalimu amesema video ni ya simu.

Video yangu ya kwanza nilipiga Raskazone mwezi wa saba, kusi limekamata, nikarudi na dakika hamsini za vuuuuu, mtu anaonekana anaongea kwa hisia zote na husikii hata herufi. Nilikuwa sijavaa hedfoni. Mpaka leo nikiwasha maiki navaa hedfoni kwanza hata niko chumbani.

Watoto wanaokuja na baiskeli zao waombe wazazi ruhusa kabla, na barua ya chuo tembea nayo, ukipita kwa mwenyekiti wa mtaa ukajitambulisha unapunguza maswali.

Fundi_Sauti

Naunga mkono ya mapovu. Na dada tafadhali yale mapovu yarekodi na sauti yake, simu iwe karibu na beseni kama shibiri moja. Hiyo sauti kwenye redio mtu wa Tanga hahitaji kuambiwa ni nini.

Kutuma kazi usitume WhatsApp kama video ya kawaida, inaibana mpaka inakuwa uji. Tuma kama faili, au peleka kwa flashi.

BintiMakorora

Jamani nimerudi. Asanteni sana, nimesikiliza zote barazani kama alivyosema mzee MzeeWaMkanda, nimemaliza saa nane usiku, mama amenigombeza lakini sawa. Na kweli mzee umeniweza, mi ni "mmh" na "eeh" mwanzo mwisho, kuna mahali mzee fundi anaeleza baiskeli yake ya kwanza aliyonunua kwa kuchimba mihogo ya watu na mi nimemkatisha kwa "waaah hongera" hadi nimejichukia.

Ila nimekuta kitu. Siku ya kwanza simu ya dada niliiwasha mapema nikasahau, ikaanza kurekodi niko nafika. Inasikika natembea, alafu "Shikamoo mzee", na mzee wala hajainua kichwa nadhani, pampu inaendelea, anajibu "Marahaba mwanangu, leo ni la mbele au la nyuma?" Alidhani nimeleta pancha! Na redio alikuwa hajaiwasha bado. Sauti safiii. Nimeirudia kama mara kumi.

Swali, nianze makala na hiyo, au salamu huwa inakatwa? Tulifundishwa salamu kata, ingia kwenye hoja.

MzeeWaMkanda

Salamu za kukata ni za mgeni rasmi. Hiyo iache kama ilivyo, hata hatua zako usizikate. Na insha yote ya mwanzo itupe, fundi ameshakuandikia.

PichaNaMwendo

Una picha yake?

BintiMakorora

Sina kaka, simu ya picha ilikuwa kwenye mkoba.

PichaNaMwendo

Basi kwenye video fungua na giza, sauti peke yake, sekunde sita. Akisema "la nyuma" ndo tunaona tairi la nyuma limelala chini. Simkubalii mzee wetu kwa lile la redio kwanza lakini kwa hili kaniweza.

BintiMakorora

Naenda tena Jumamosi asubuhi. Baiskeli yangu nimetoa upepo makusudi niipeleke, ila nikakumbuka habari ya ile tisa ya MzeeWaMkanda nikaona huo nao utakuwa uongo, kwa hiyo nitasubiri pancha ya mtu.

kipepeo_mgandini

Mi nina rimu iliyopinda na haijapindishwa na mtu. Ni barabara ya ngapi?

BintiMakorora

Ya kumi na mbili, ukifika ulizia tu. Njoo Jumamosi saa moja kamili, na ukifika usinisalimie, nitakuwa narekodi.