Kuipa pampu ya maji umeme wa pawa saplai ya kompyuta

Mhariri wa Video, Kikwajuni
Assalamu alaykum. Nina kompyuta ninayoitumia kuhariri video za harusi, na kila ukiingia msimu wa kaskazi prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, hupata moto hadi kazi inakwama, kwa hivyo nimenunua vifaa vya kuipoza kwa maji. Pampu imeandikwa volti 12, ampea 1.5. Ina nyaya mbili zinazoishia kwenye plagi kubwa ya matundu manne, na waya mwengine mwembamba unaoishia kwenye plagi ndogo kama ya feni. Je, pawa saplai yangu ya wati 550, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, itaibeba bila ya kuelemewa, au ni salama zaidi kuitafutia adapta yake mbali? Na nitajazaje maji na kuangalia uvujaji bila ya kuiwasha mashine nzima?

Fundi, Darajani
Waalaykumu salaam. Ampea 1.5 kwa volti 12 ni wati 18, na ukiisoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai ya kiwango hicho, kwa kawaida utakuta volti 12 peke yake inatoa ampea 40 hivi, kwa hivyo mzigo huo ni mdogo sana. Katika plagi kubwa waya wa njano ni volti 12, mweusi ni wa kurudishia umeme, na mwekundu ni volti 5, ambao pampu yako haiutumii. Usiibadilishe plagi hiyo ili uichomeke pampu kwenye pini za feni za mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kwani nyingi zina kikomo cha ampea 1, na zikiungua utanunua mazabodi nyengine.

Waya mwembamba ndio ninaokuomba sana usiuache ukining'inia. Hauendeshi kitu, bali unaiarifu mashine kwamba pampu inazunguka. Uchomeke kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN, kisha uingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, uwashe onyo la feni hiyo. Pampu nzuri haina kelele, na ikisimama katikati ya kazi huenda usitambue mpaka maji yaliyotuama juu ya prosesa yamekwisha kupata moto.

Kwa kujaza maji, zima pawa saplai kwa swichi ya nyuma, uchomoe plagi zake zote isipokuwa ya pampu, kisha katika ile plagi ya matundu 24 inayoingia kwenye mazabodi uunganishe waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya. Ukiiwasha, pampu itazunguka peke yake. Ikiwa nyaya zako zote ni nyeusi, usibahatishe: ni tundu nambari 16, nawe tazama mchoro kwanza. Tangi lisikauke hata kidogo, kwa sababu ni maji hayo hayo yanayolainisha mhimili wa pampu. Zima, ongeza, washa tena. Zungushia karatasi za shashi kwenye kila kiungio uiache kwa saa kadhaa, kwani tone dogo huonekana kwenye karatasi kabla ya kuonekana kwa jicho.

Mkaazi wa Fuoni
Naomba kutofautiana kidogo. Kwa adapta ya mbali pampu ingeendelea kuzunguka hata kompyuta ikishazimwa, maji yakapoa vizuri.

Fundi, Darajani
Nakufahamu, ndugu yangu, lakini prosesa huacha kutoa joto pale pale inapokosa umeme, na joto lililobakia huchukuliwa na maji yaliyomo. Hatari iko upande wa pili: adapta ikilegea ukutani au ikisahauliwa, mashine itawaka bila ya maji kuzunguka. Nataka viwili hivi viwake pamoja na vizimike pamoja, hasa kwetu ambako umeme hukatika bila ya taarifa.

Mwalimu wa Kompyuta, Wete
Nongeze mambo mawili. Kwa sisi tulio karibu na bahari, pini za plagi zile kubwa hushika kutu ya chumvi, na pini yenye kutu hupata moto hata kwa mzigo mdogo. Zikague kila baada ya miezi michache, na ukiona plastiki imegeuka rangi ya kahawia, badilisha plagi nzima. Pili, usitie maji ya kisima, kwani yetu yana chokaa nyingi itakayoziba njia nyembamba za kipozeo. Tumia maji safi ya betri, lakini mwulize muuzaji waziwazi, kwa sababu madukani jina hilo hilo hutumika pia kwa asidi.