Amritsar siku mbili, nitembelee wapi?

Wakuu, niko Delhi kikazi, wikiendi nataka nichomoke Punjab, mbali na Hekalu la Dhahabu la Wasikh kuna nini tena?

— Mkuu hilo hekalu usilikimbize, nenda alfajiri, viatu unaacha nje, unaosha miguu, kitambaa kichwani, halafu kaa chini langar, yaani jiko la hekalu linalolisha kila mtu, ule dengu na chapati bure, chapati pokea kwa mikono miwili.

— Jallianwala Bagh, ile bustani ambapo jeshi la Waingereza liliua watu kwa risasi 1919, ni kwa mguu tu kutoka hapo, matundu ya risasi bado yapo ukutani, mi picha zilinishinda.

— Langar si kama ile ya hekalu la Wasikh la Makindu, Mombasa Road, Kenya? Ila ukubwa sasa!

— Ikiwa Machi pitia Anandpur Sahib, Khalsa, jumuiya ya Wasikh walioapishwa, ilizaliwa pale 1699, na kwenye Hola Mohalla, sherehe yao ya michezo ya kivita, mtu anasimama juu ya farasi wawili wanakimbia, we acha tu.